Barua ya Kwenda Bangkok

Mkono wangu ulifundishwa kuandika kabla mimi mwenyewe sijasikia. Ndivyo mwalimu wetu wa hati mkato, au shothandi kama tulivyoiita, alivyotaka pale chuoni. Anayesema asimsubiri anayeandika, na anayeandika asianze kufikiri, kwa sababu akifikiri ataachwa nyuma. Alitusomea hotuba za bunge na bei za pareto huku akipita kati ya madawati, nasi tukachora vijistari na vinukta hadi vidole vikafa ganzi. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote darasani. Nilijivunia wepesi huo kupita kiasi, na ninautaja mapema kwa sababu nusura umrudishe kaka yangu kizuizini.

Kazi niliipata Eldoret, katika kiwanda kimoja cha nguo. Nilikuwa katibu wa meneja wa upande wa kusokota uzi, Mwingereza wa miaka hamsini na kitu, mwenye masikio makubwa mekundu na moyo usiojua kinyongo. Alikuwa ametoka Thailand, alikosimamia kiwanda kama chetu kwa miaka kumi na miwili, nje kidogo ya Bangkok. Mwili ulikuja Eldoret, roho ikabaki kule. Ukutani alitundika kalenda ya Kithai iliyokwisha muda wake siku nyingi, na alilalamikia baridi yetu ya asubuhi na chakula chetu kisicho na pilipili. Hakuwa mtu mbaya. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kunipandishia sauti.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliniambia nifunge mlango na nilete vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Hilo lilinishangaza mwanzoni, maana mabosi wengine hawakujua hata kama makatibu wao wana kiu. Kisha aliegemea kiti, akafumba macho, akaanza kusema barua ya kumpelekea rafiki yake aliyebaki Bangkok. Mimi niliandika kwenye daftari langu, halafu niliipiga kwa taipureta kabla ya saa kumi na moja, yeye akaitia sahihi bila kuisoma. Alikuwa akiniamini.

Barua hizo zilikuwa za siasa tangu juu hadi chini. Alitaka kujua huko kumekucha vipi: uchaguzi unakuja lini, majenerali wamekasirikia nani, fedha yao imesimama au imeyumba. Kisha alitoa maoni yake. Alisema kule mwanasiasa hupata kura za kijiji kizima kupitia kwa mkubwa wa kijiji, na baada ya kura serikali huwa ya vyama vitano visivyoweza kukubaliana hata juu ya chakula cha mchana. Wakishavurugana vya kutosha, wanajeshi huingia. Majenerali wenyewe wana viti katika bodi za benki na wana vituo vyao vya redio, kwa hiyo hawataki vurugu itakayowaharibia mali. Aliyakumbuka mapinduzi aliyoyapitia kama mtu anayekumbuka mvua kubwa. Moja lilimkuta kwa kinyozi, na kinyozi akamaliza kumnyoa. Lingine liliposhindwa, alilisikia kwa dereva wake wakiwa njiani kwenda kazini. Katika yote hayo kiwanda hakikulala hata zamu moja.

Wakati mwingine alitembelewa na rafiki yake mwingine, Mzungu aliyesimamia shamba kubwa la mahindi upande wa Moi's Bridge, na hapo mazungumzo yaliendelea kana kwamba mimi ni kabati la faili. Walikubaliana kwamba mwenye mtaji hajali nani amekalia kiti, mradi umeme upo na bandari inafanya kazi. Walisema Kenya ina bahati kwa kuwa ina mtu mmoja wa kuzungumza naye. Yule wa shamba aliwahi kuuliza kama jeshi letu nalo haliwezi siku moja kuchoka, na bosi wangu akajibu kwamba lilijaribu mara moja, likafanya vibaya, na yamekwisha. Walicheka. Niliinamisha kichwa juu ya taipureta na kusafisha herufi ambazo tayari zilikuwa safi.

Kwetu neno jeshi halikutamkwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga, ule mwaka wa themanini na mbili. Jumapili ile ya Agosti, wenzake walipojaribu kupindua serikali, alikuwa kwenye mabweni yao, akaambiwa alale kifudifudi, akalala. Haikumsaidia. Walikamatwa wote, waliofanya na waliolala kifudifudi, naye akakaa ndani miezi mingi kabla ya kuachiliwa. Alirudi kwa Mama amekonda, hana cheti, hana barua ya mwajiri, na kila alikoomba kazi waliuliza alikuwa wapi miaka ile. Mwishowe akawa fundi wa mashine za posho, zile za kusagia mahindi. Aliishi Langas, ua mmoja na Mama, na watu walimwita hata kutoka mbali jiwe la kusagia lilipokataa. Kila baada ya muda mtu wa chifu alipita kumsalimia. Mama alimkaribisha kiti, akamsifia viatu, na alipoondoka alikifuta kiti hicho kwa kitambaa.

Kaka hakuzungumzia yale mambo. Mara moja tu, nikiwa nimemshikia tochi akifungua mashine, alisema bila kuniangalia, "Wale vijana walikosea kitu moja. Walikimbilia redio kabla hawajashika kambi." Akapuliza unga kwenye skrubu, akaendelea na kazi. Nilijua hayo ni maneno ya kumfunga mtu. Niliyameza na nikayakalia kwa miaka.

Mwaka wa themanini na nane ukaja mlolongo. Kwa wasioujua, ilikuwa kura ya kuchuja wagombea wa chama, na chama kilikuwa kimoja tu. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mtu wako, jirani zako wote wakikuona, chifu akikuona, na ukahesabiwa kama mbuzi. Kiwanda kilituruhusu twende. Nilisimama kwenye uwanja wa shule ya msingi katika mstari mrefu uliozunguka vyoo na kutokea upande wa pili wa ua. Mstari wa yule mwingine ulikuwa mfupi, umetulia karibu na mlingoti wa bendera. Alasiri msimamizi akapanda juu ya dawati na kutangaza kwamba wa mlingoti wa bendera ameshinda. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikung'uta vumbi nguoni, tukaenda zetu.

Bosi wangu alikuwa amekuja kutazama. Niliiona gari yake imesimama nje ya ua, yeye na rafiki yake wa Moi's Bridge wamekaa ndani na chupa ya chai ya moto kama watu waliokuja kuangalia mbio za magari. Siku iliyofuata aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Ule mstari mfupi ulishindaje?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui, labda walihesabu vizuri kuliko mimi. Alicheka sana. Kisha akaniuliza maswali mengine, moja baada ya jingine, na akasubiri majibu. Watu wanasema nini? Wamekasirika? Na wanajeshi je, wanalionaje jambo hili?

Nitasema ukweli. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maoni yangu juu ya kitu chochote kizito. Nyumbani nilikuwa msichana, ofisini nilikuwa mkono. Sasa hapa mtu mzima aliyesafiri dunia ameweka kikombe chini ili anisikilize. Kichwa kilivimba. Nilimwambia kwamba kaka yangu alikuwa jeshi la anga na kwamba sasa anatengeneza mashine za posho Langas. Na nilimwambia yale maneno ya redio na kambi. Nilipofunga mdomo, chai ilikuwa bado ina moto.

"Anafikiri vizuri huyo," alisema. "Kule Bangkok wangemsikiliza."

Jioni nilijaribu kujituliza. Mzungu ana mambo yake, nilijiambia, na lile neno litapotea kati ya pilipili na hali ya hewa. Lakini ilipofika Ijumaa alifumba macho, akaanza na mlolongo wetu, na jinsi mstari mfupi ulivyoushinda mrefu mchana kweupe. Akaulinganisha na uchaguzi wa kule, akasema heri yule anayekununulia kura kuliko anayeihesabu kinyume mbele yako. Akaingia kwenye majenerali. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kupumzika, kwamba katibu wake ana kaka aliyekuwa jeshi la anga, sasa fundi wa mashine za posho katika mtaa wa Langas, na kwamba kaka huyo anaamini wenzake walikosea kwa kukimbilia redio kabla ya kushika kambi. Baada ya hapo akageukia mvua.

Mkono wangu uliandika yote. Ulikuwa umeshafika kwenye mvua nilipoelewa nimeandika nini.

Nilipokaa kuipiga barua niliiruka aya ile. Nilitoka kwenye majenerali wa Bangkok nikaingia moja kwa moja kwenye mvua ya Eldoret, nikaweka chini kabisa, upande wa kushoto, herufi kubwa za jina lake, mkwaju, na herufi zangu ndogo mbili. Hiyo ndiyo desturi ya makatibu: kila barua inaonyesha aliyeisema na aliyeipiga. Bosi alitia sahihi akiwa amesimama, koti mkononi. Nikaibandika stempu mimi mwenyewe.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuuchana ukurasa wa daftari. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Daftari zilitolewa na stoo, na hukupewa jipya mpaka ulirudishe la zamani na kurasa zake zote, kwa sababu kulikuwa na wasichana waliokuwa wakizitumia kuandikia wachumba. Mtunza stoo alizihesabu kwa kulamba kidole. Hiyo ni sababu. Lakini ya kweli ni kwamba nilijidanganya kwamba vile vijistari vyangu haviwezi kusomwa na mtu. Niliviona kama mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Wiki tatu zilizofuata sikuwa na raha. Kila simu iliyolia niliiacha ilie mara mbili ili sauti yangu ipate kutulia. Gari ngeni ikiingia getini, nilisimama dirishani nikijifanya ninamwagilia ua la kwenye chungu. Chakula kilinishinda, Mama akafikiri nina mimba na akanitazama tumbo Jumapili mbili mfululizo. Sikumwambia kaka. Nilimwogopa yeye kuliko nilivyoiogopa serikali.

Yule mtu alikuja asubuhi ya Jumatano, bosi akiwa Nairobi kwa mikutano ya wiki nzima. Alikuwa amevaa koti la kijivu, ana adabu nyingi, na aliletwa na afisa wa wafanyakazi ambaye aliyakwepa macho yangu. Hakusema anatoka ofisi gani, nami sikuuliza, kwa sababu watu wa aina yake hawakuulizwa. Alitoa kwenye bahasha nakala ya barua ile, bila shaka ilifunguliwa posta, akaweka kidole pale chini kushoto.

"Madam, hizi herufi ni zako?"

"Ni zangu, afande."

"Sawa. Hii barua inaruka." Alinigeuzia karatasi nione. "Hapa Mzungu anaongea mambo ya jeshi ya huko kwao, moto kabisa, halafu ghafla anaanza mvua. Mtu haongei hivyo. Alisema nini hapa katikati?"

Nilimwambia bosi wangu ni mtu wa kurukaruka. Akatabasamu. Alitaka kuona kitabu nilichoandikia, nikampa, maana kilikuwa pale mezani kimefungwa mpira kwenye kurasa zilizotumika. Alikipindua, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama nyayo za kuku, kisha akakitia kwenye bahasha.

"Kesho saa nne uje ofisini kwetu, afisa wenu atakuelekeza, utusomee. Na usijali, tuko na msichana wetu pia anajua hii kitu."

Nakumbuka nilisema asante. Hadi leo sijui nilikuwa ninamshukuru kwa nini.

Niliomba ruhusa, nikaenda Langas mchana uleule. Kaka alikuwa nje, amepiga magoti mbele ya mota aliyoifungua vipandevipande juu ya gunia. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nilimwambia kaka yote, kuanzia kikombe cha chai. Nilisema haraka, kwa sauti ya chini, na sikuacha kitu. Alisikiliza huku akiifuta skrubu moja tu, akiizungusha na kuizungusha, hata baada ya kuwa safi.

"Hiyo maneno nilikuambia wewe," alisema mwishowe. "Sikuambia Mzungu."

"Najua, kaka."

"Ukaniuza na chai, sista."

Heri angenipiga kofi. Mama aliacha mboga, akaja akasimama kati yetu kana kwamba sisi bado ni watoto na amesikia tunagombania mkate. Nilimwambia kaka aondoke, aende kwa mjomba, avuke hata mpaka. Alitikisa kichwa.

"Nikitoroka nimekubali. Na watamchukua nani, si wewe na Mama?" Aliirudisha skrubu mahali pake. "Kesho vaa sweta mbili, huko ndani ni baridi. Na viatu ya kuingiza tu, usivae ya kamba, wanazitoa. Ukiulizwa kitu, jibu fupi."

Nilivaa sweta mbili. Niliingia mjini asubuhi nikitoka jasho mgongoni, na viatu vya Mama vya kwendea kanisani ambavyo vilikuwa vikubwa, na kila aliyenisalimia nilihisi anajua ninakokwenda. Nilipanda ngazi za ofisi ile nikihesabu jinsi nitakavyosoma. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba aya ile sitaisoma. Nilichokuwa sijui ni nitasema nini mahali pake.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Mtu wa koti la kijivu alikaa, akaniweka upande wake wa kulia, na kwenye kona karibu na taipureta alikaa yule aliyemwita msichana wao. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Nilipoiona ile penseli nilijua nimekwisha. Huyo alikuwa wa chuo kama mimi, na pengine alianza kazi hii nikiwa mgongoni kwa Mama.

"Soma," alisema afande. "Pole pole. Na uweke kidole."

Alishika nakala ya barua, mimi nikasoma daftari, kidole changu kikitembea kwenye mistari. Nilisoma mlolongo. Nilisoma wanunuzi wa kura wa Thailand na majenerali wenye viti benki. Kila sentensi ililingana na nakala yake, naye aliguna kila mara. Nikafika kwenye aya ile. Kidole hakikuwa na pa kukimbilia. Ilikuwa mistari minne, na lazima mistari minne ijazwe.

Nikasoma habari za bobini, vile vijiti vya kuzungushia uzi. Nilisema kwamba bobini tulizoletewa zimepinda, kwamba zinakata uzi kwenye mashine namba tatu na namba saba, na kwamba kule Bangkok kuna mwenye kiwanda anayetengeneza bora zaidi. Sauti ilitoka imara hata mimi mwenyewe nikaistaajabia. Kidole kilimaliza mstari wa nne nikiwa nimemaliza bobini, nikaingia kwenye mvua.

"Simama," alisema. "Hiyo ya bobini haiko kwa barua."

"Alisema niiweke kwa barua ya spea, afande. Huwa anachanganya."

Alimsukumia yule mama daftari mezani. "Mama, hebu angalia hapo. Ni vile amesema?"

Mama yule alivaa miwani. Alianza juu ya ukurasa, si pale alipoonyeshwa, na akasoma kwa midomo bila sauti, penseli ikifuata. Niliitazama penseli yake. Ikapita mlolongo. Ikapita majenerali. Ikaingia kwenye mstari wa kwanza wa aya yangu na ikasimama. Katika hati mkato kuna maneno yanayofupishwa kwa namna moja na makatibu wote, na jeshi la anga ni mojawapo. Hata mtoto wa muhula wa pili hawezi kulikosa. Kulikuwa na saa ya ukutani mle chumbani ambayo sikuwa nimeisikia hadi hapo. Penseli ikasogea. Ikasoma Langas. Ikasoma redio na kambi. Nilikuwa ninafikiria mikono ya kaka ikiizungusha ile skrubu, na nilikuwa ninaomba, bila maneno, kama mtu anayezama.

Aliinua macho, akanitazama juu ya miwani. Sura yake haikuwa na huruma yoyote niliyoweza kuiona. Alionekana kama mwalimu aliyekuta kazi chafu.

"Hii ni nini?" aliniuliza, penseli ikiwa juu ya mstari wa kwanza.

"Bobini, mama," nikasema.

"Bobini." Aliuangalia tena. "Unaharakisha sana, msichana wangu. Mkono wako unakimbia kuliko kichwa." Kisha akamgeukia afande na kuvua miwani. "Ni vile amesoma."

"Una uhakika?"

"Kama huamini, tafuta mwingine asome."

Afande hakutafuta mwingine. Alimwambia aipige yote kwa taipureta, pamoja na bobini, iwekwe kwenye faili. Nilikaa pale nikimtazama akipiga. Alipiga bila haraka, hakukosea hata herufi moja, na aya ya bobini aliipiga kama nilivyoisema, na mashine namba tatu na namba saba. Alipofika chini, upande wa kushoto, aliweka herufi zangu mbili, mkwaju, na herufi zake mbili. Hakuwa amelazimishwa na mtu kuziweka. Ilikuwa desturi tu.

Daftari halikurudishwa. Liliingia kwenye faili na ile karatasi juu yake, na kwa miaka iliyofuata niliishi nikijua kwamba siku yoyote katibu mwingine, kijana, mwepesi, mwenye kupenda kusifiwa, anaweza kulifungua. Siku hiyo ingefika, tungekamatwa makatibu wawili.

Kaka nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, juani, amevaa sweta mbili. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Uso ulikuwa umelowa jasho. Nilimwambia yamepita, naye akavua moja, akaikunja, akabaki na nyingine hadi jua lilipozama. Hatukuongea vizuri kwa muda mrefu. Alinisalimia, alinipisha njia, alikula nilichopika, na zaidi ya hapo hakuna.

Bosi alirudi kutoka Nairobi Ijumaa, akaniambia nifunge mlango na nilete chai. Nilileta kikombe kimoja. Hakugundua. Alifumba macho na kumwambia rafiki yake kwamba jambo moja linalomfurahisha hapa, ukilinganisha na kule, ni kwamba watu wa kawaida hawaonekani kuogopa chochote. Niliiandika, nikaipiga, sikuruka neno. Mwisho wa mwaka kibali chake cha kazi hakikuongezwa. Yeye alisema ni uzembe wa makarani, akafunga virago kwa furaha, akarudi Bangkok, na kalenda akaiacha ukutani.

Yule mama nilimwona tena mara moja tu, miaka miwili baadaye, sokoni, akichagua nyanya. Sikujua kama nimwendee au nipite. Yeye ndiye aliyenisemesha, bila kuacha kubonyeza nyanya.

"Huyo kaka yako bado anatengeneza posho mill?"

"Bado, mama."

"Yetu ya Kapsoya inapiga kelele. Mwambie apite Jumamosi."

Alilipa, akaondoka. Sikumwuliza jina, wala hakunipa. Hadi leo ninachokijua ni zile herufi mbili.

Nilimpelekea kaka ujumbe, nikamweleza ni nani. Akatafuta spana zake. Jumamosi alishinda huko kutwa nzima. Aliporudi nilikuwa nimekaa na Mama mlangoni, naye alikuwa na unga kwenye nywele na kwenye nyusi, amekuwa mzee ghafla. Nilimwuliza yule mama alisema nini. Aliweka mfuko wa vyombo chini, akakaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili.

"Hakusema kitu," alisema. "Alinipa chai, akakaa na mimi nikainywa yote, na hakuniuliza swali hata moja."